Daftari la Mjomba na Sherehe ya Mzee

Mwaka 1949, nilipokuwa na umri wa miaka 14 na nimekwisha kuhitimu chuo cha Kurani, mama yangu alinishika mkono akanipeleka kwa kaka yake, aliyekuwa na ghala la boriti karibu na pwani ya Lamu, akamwambia ya kwamba kijana huyu ana mwandiko mzuri wa khati za Kiarabu na mwandiko wa kadiri wa herufi za Kizungu, na ya kwamba kukaa barazani tangu adhuhuri hadi magharibi hakutamfaa kitu. Mjomba hakujibu neno. Alinyosha mkono rafuni, akatoa daftari lililojalidiwa kwa kitambaa cheusi, akalipangusa vumbi kwa ncha ya kanzu yake, akaliweka mbele yangu pamoja na kalamu na kidau cha wino, kisha akawarudia wachukuzi waliokuwa wakimngoja uani. Hivyo ndivyo nilivyoianza kazi ambayo nimeifanya maisha yangu yote, nayo ni kuandika vitu kwa utaratibu ili mtu mwingine, asiyekuwapo wakati wa kuandika, apate kuviona.

Biashara ya boriti ilikuwa na lugha yake. Miti ya mikoko ilikatwa katika hori na vijito vya bara na vya visiwa vya jirani, ikaletwa kwa mashua, ikapangwa kwa unene wake: fito zilikuwa nyembamba kuliko zote, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti zenyewe, kisha nguzo, na kupita nguzo ni magogo makubwa yaitwayo banaa. Hesabu ilikwenda kwa korja, na korja moja ni miti 20. Mabumu ya Kuwait na ya bandari nyingine za Ghuba yalikuja na upepo wa kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa yamejaa miti hiyo, kwa kuwa huko yaendako mti wa kuezekea nyumba ulikuwa adimu kabisa. Na wajuao ufundi wa ujenzi husema ya kwamba upana wa vyumba vya nyumba za kale, kwetu na kwao, uliamuliwa na urefu wa boriti. Basi mti uliokatwa matopeni Lamu uliweza kuwa dari ya chumba cha mtu asiyejua hata Lamu iko upande gani, na kati ya mkataji na mwenye chumba hapakuwa na kiungo ila karatasi.

Karatasi ya kwanza niliyoandika kwa amri ya mjomba niliiandika vibaya. Kusi lilikuwa limekwisha kuanza, na nahodha mmoja alikuwa akiharakisha kutweka tanga, mjomba akaniita akaniambia nimwandikie nahodha orodha ya mzigo wake. Nilikwenda uani, nikahesabu, nikajumlisha, nikarudi nikaandika kwa mwandiko niliouona kuwa wa kupendeza sana, ya kwamba mzigo wa nahodha fulani ni boriti na mazio, korja 140. Nikapiga mstari chini yake kwa rula. Nahodha akaikunja karatasi akaitia katika kifua cha kanzu, akaondoka, na kaskazi ya mwaka wa pili ikamrudisha akiwa na uso uliokunjamana. Alieleza, kwa adabu lakini bila ya kulainisha neno, ya kwamba mnunuzi wake wa huko alikuwa ameahidiwa korja 80 za boriti, na yalipofunguliwa matumbo ya chombo zilionekana 77, ilhali mazio yamezidi kwa korja tatu. Akataka kujua kama kosa lilitendeka Lamu au lilitendeka baharini, maana wale mabaharia wake walikuwa wametuhumiwa wizi. Mjomba akafungua daftari lake. Ndani yake hapakuwa na kitu ila ile jumla yangu, nami nikamwona akiutia uso wake katika ukurasa ule kwa muda mrefu kuliko uliohitajiwa kuusoma. Hatimaye akasema, "Daftari limenyamaza," akalipa tofauti ya bei ya korja tatu kutoka mfukoni mwake.

Jioni yake, baada ya sala, aliniita tukakaa juu ya rundo la pau. Nilitazamia kukemewa, na pengine kurejeshwa kwa mama. Yeye akanifundisha kwa sauti ile ile aliyoitumia kunionyesha jinsi ya kufunga korja kwa kamba. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nilikutaka orodha, nawe ukanipa jumla. Jumla hujibu swali moja, nalo ni ngapi. Orodha hujibu ni nini na nini, na kila kimoja ni ngapi. Ukiwa na orodha, jumla utaipata siku yoyote upendayo. Lakini ukiwa na jumla, orodha hutaipata hata ukikesha."

Tangu siku hiyo sijaweza kulisikia neno orodha kama kwamba ni neno dogo. Watu hulitumia kwa kila kitu kilichopangwa mstari juu ya mstari, na kwa hakika lina unyenyekevu huo: orodha haiahidi kwamba cha kwanza ni bora kuliko cha pili, wala haisemi cha tatu kimetoka wapi. Lakini inaahidi jambo moja zito, ya kwamba kila kitu kimesimama peke yake kwa jina lake, na hakikufichwa nyuma ya mwenziwe.

Daftari la deni lilikuwa jambo jingine, na mjomba alinizuia nisilifungue mpaka nilipotimiza mwaka mzima ghalani. Wajuao asili ya maneno husema ya kwamba daftari limetujia kwa Kiarabu, na Waarabu nao walilipata kutoka lugha ya Kiyunani, ambamo maana yake ilikuwa ngozi iliyoandaliwa. Nami nikitazama lile jalada jeusi lililong'aa kwa jasho la mikono naona neno halijasafiri mbali sana na mwanzo wake. Mtu alipokuja kukopa, mjomba hakusema wala hakuandika. Alimkalisha mkopaji mkekani, akamwambia, "Sema wewe, mtoto ataandika," na mkopaji akasema kwa kinywa chake mwenyewe: mimi fulani bin fulani, nimechukua korja mbili za pau kwa kuezekea nyumba ya mama yangu, na nitalipa msimu wa samaki utakapofunguka. Nikaandika kama alivyosema, nikamsomea, akatikisa kichwa kukubali, na mashahidi wakataja majina yao. Wakati mwingine mkopaji alieleza mambo ambayo hayakuhusu biashara hata kidogo, kama vile ugonjwa wa mtoto au ukaidi wa shemeji, na mjomba akaniashiria niandike vile vile.

Siku moja nilithubutu kumwuliza kwa nini asiyataje yeye masharti, maadamu mali ni yake. Akaniuliza kama sikuhitimu. Nikasema nimehitimu. Akaniambia nikaisome tena aya ya 282 ya Suratul Bakara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Kurani, nikaangalie ni nani aliyeamriwa kutamka. Nilikwenda nikasoma, nikakuta jambo ambalo ulimi wangu ulikuwa umelipita mara nyingi pasina akili kulisimamia: ya kwamba deni la muda liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu, na atakayemtamkia mwandishi awe ni yule ambaye haki iko juu yake, yaani mdaiwa. Mwenye nguvu katika jambo hili ni mwenye mali, naye ndiye asiyesema. Sidhani kama nimewahi kujifunza kanuni ya uandishi iliyo kubwa kuliko hii, nami niliijifunza juu ya mkeka, marundo ya kamba za kufungia mikoko yakiwa miguuni pangu.

Mjomba alifariki mwaka 1963, Mungu amrehemu, na warithi wakanitaka nisaidie kuandika mali aliyoiacha. Katika daftari la mwaka 1950 nikaukuta ukurasa ambao sikuwahi kuuona, wenye khati yake na si yangu. Ulikuwa umeandikwa kwa sauti ya mdaiwa, kama zilivyokuwa kurasa nyingine zote: mimi, na jina lake likafuata, nadaiwa na nahodha fulani thamani ya korja tatu za boriti zilizopungua katika mzigo ulioandikwa ghalani kwangu. Chini yake akaandika kwamba deni limelipwa, na tarehe. Jina langu halikuwamo. Nilifunga daftari nikawaambia warithi nina haja ya kutoka nje kidogo.

Lakini nimetangulia mno, na kabla ya kuiacha Lamu yapasa nimtaje bibi yangu, ambaye hakujua kusoma khati yoyote, naye alikuwa na orodha kubwa kuliko za mjomba. Dada yangu alipoolewa, watu walileta mchele kwa pishi, na samli, na mbuzi, na vitambaa, na kila kilicholetwa kilikuwa deni la heshima litakalorudishwa siku ya arusi au msiba wa aliyeleta. Nilijitolea kuandika, nikaona fahari kuyapanga majina kwa alifu, be, te. Bibi akaniacha nimalize, kisha akaniomba nimsomee. Niliposoma alionekana kutahayari, si kwa hasira, ila kama mtu aliyepotezwa njia katika mji wake mwenyewe. Ndipo akaanza kuyataja yeye, akifuata milango: akaanzia nyumba ya mwisho ya Mkomani, akashuka uchochoro kwa uchochoro, akivuka ukuta wa msikiti huu na kisima cha nyumba ile, mpaka akatokea Langoni, na alipofika mlango fulani akasimama akasema, "Hapa hukuniandikia mtu." Ni kweli, nilikuwa nimemsahau. Katika mpango wangu aliyesahauliwa alipotea pasipo kuacha pengo, kwa maana baina ya jina la be na jina la te hakuna kiti kilicho wazi. Katika mpango wa bibi mlango uliorukwa ulibisha hodi wenyewe.

Mwaka 1957 nilikwenda Mombasa, nikaajiriwa katika nyumba moja ya kupiga chapa vitabu, na hapo nikakutana na jamaa kubwa ya maneno ambayo kwetu ghalani hayakuhitajika. Kitabu kina yaliyomo mwanzoni mwake, ambayo humwambia msomaji safari itapita wapi, na kina faharasa mwishoni, ambayo humrudisha mahali alipopita na asipokumbuka. Kina majedwali. Kina sherehe. Msimamizi wetu, aliyekuwa mtu wa kusoma sana, hakustahimili kusikia mojawapo ya majina hayo likitumiwa mahali pa jingine, na jioni nyingi, mashine zikisha kuzimwa, tulikaa kwenye ngazi tukiyatafutia asili, naye akitoa vitabu vya Kiarabu alivyovirithi kwa baba yake.

Hapo ndipo nilipojua ya kwamba faharasa, ambayo wengine huiita fahirisi, ni neno la Kiajemi lililovaa kilemba cha Kiarabu, na ya kwamba mwuza vitabu wa Baghdad, Ibn al-Nadim, alilifanya kuwa jina la kitabu kizima mwaka 987, akikusudia kuorodhesha vitabu vyote vya lugha ya Kiarabu alivyovijua, vya dini na vya nyota, vya tiba na vya ngano, katika makala kumi. Vingi katika vitabu alivyovitaja vimepotea, na leo hakuna kinachoshuhudia kwamba viliandikwa ila mstari wake mmoja. Nilipolisikia hilo niliikumbuka ile karatasi iliyokunjwa katika kifua cha nahodha. Jedwali nalo, katika Kiarabu, ni mfereji mdogo wa maji, na mtu akitazama safu za tarakimu zilizotengwa kwa mistari ataona kweli mashamba yaliyochimbiwa mifereji. Ratiba ni ndugu wa ile ratibu tuliyokuwa tukiisoma Lamu baada ya sala ya isha, maana yote mawili ni jambo lililopangiwa wakati wake na kurudiwa bila ya kukosa. Ramani, ambayo kwetu leo ni picha ya nchi, ilianza kwa Waajemi kama kitabu cha njia, ikawa rahmani kwa manahodha wa Kiarabu, kitabu cha kuorodhesha nyota na bandari na mielekeo ya kufuata, na Ahmad bin Majid, mwana wa Julfar, baharia mkuu wa karne ya 15, anazitaja rahmani za waliomtangulia. Kwa hiyo ramani ilikuwa orodha kabla ya kuwa picha. Na takwimu, ambayo vijana wa leo huijua kuwa ni hesabu za serikali, kwa wazee ilikuwa kalenda. Mzee akikuambia utazame takwimu, alitaka kujua mwezi umeandama siku gani.

Kamusi ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Al-Firuzabadi, mwanachuoni aliyefia Zabid, katika nchi ya Yemen, mwanzoni mwa karne ya 15, alikiita kitabu chake cha maneno al-Qamus al-Muhit, yaani bahari kuu inayozunguka, na kitabu kikapendwa hata jina lake likawa jina la vitabu vyote vya namna ile. Basi kila tusemapo kamusi tunasema bahari. Watu wetu hawakulizoea upesi: Frederick Johnson alipotoa mwaka 1935 kitabu cha kueleza maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili, jina la jaladani lilisema Kamusi ya Kiswahili, yaani kitabu cha maneno ya Kiswahili, na ile "yaani" yanionyesha kwamba kamusi lenyewe lilikuwa neno la kufafanuliwa.

Msimamizi alinionyesha pia ya kwamba mpango wa alifu mpaka ye, au A mpaka Z, haukuteremka kutoka mbinguni. Al-Khalil bin Ahmad, ambaye habari zake zinasema alizaliwa Oman akaishi Basra katika karne ya 8, aliyapanga maneno kwa mahali sauti zitokeapo kinywani, akaanza na herufi ya ain iliyomo kooni, akatoka nayo polepole hadi midomoni. Wengine, na al-Firuzabadi ni mmoja wao, waliyapanga kwa herufi ya mwisho ya shina, na sababu yake mtu wa pwani haitaji kuelezwa, maana mshairi atafutaye kina hulitafuta neno kwa mkia wake. Nimefikiri sana juu ya hilo. Kila mpango unamdhania mtafutaji wa aina fulani, nao humfungulia huyo mlango na kumfungia mwingine. Krapf, aliyekusanya maneno miaka mingi Mombasa na Rabai na ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa mwaka mmoja kabla, aliwadhania wageni waijiao lugha kutoka nje. Hilo si kosa. Lakini mwenyeji aliyekifungua kitabu kile aliingia nyumbani kwake kwa mlango wa wageni.

Mambo hayo yote niliyajua, nikayaeleza kwa ufasaha kwenye ngazi, na hayakunizuia kukosea.

Mwaka 1960 ulifika mezani pangu mswada wa tenzi za mzee mmoja wa Lamu, au tendi kama tusemavyo kwetu, ulioandikwa kwa khati za Kiarabu katika madaftari manne ya shule. Nilikabidhiwa kuzinukuu kwa herufi za Kizungu na kuzifanyia sherehe. Neno hili kwa watu wengi ni ngoma na pilau, lakini kwa watu wa vitabu ni ufafanuzi wa maneno magumu uwekwao mwishoni, na asili yake ni kufungua na kupanua, kama kifua kipanukavyo kwa furaha. Nilifanya kazi miezi mitatu. Nilikusanya maneno zaidi ya 300, hasa yale ya kale ambayo hata Lamu hayasemwi ila na wazee, nikayatafutia maana katika kamusi nilizozipata, nikayapanga kwa A, B, CH, na nakala ya majaribio ilipotoka nikaona sijapata kutengeneza kitu kizuri kuliko kile.

Mwalimu mmoja wa shule, mtu wa Mrima, aliyeombwa kuisoma nakala ile, aliirudisha na swali. Katika ubeti mmoja, alisema, mama amwita mwanawe aliyekuwa amepotea, na badala ya kumwita ataja ndoo. Je, ni ndoo ya kuchotea maji, na kama ndiyo, mtoto ana nini na ndoo? Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Kwetu ndoo ni njoo. Mama anasema njoo, njoo, kwa sauti ambayo kila aliyelelewa Lamu ameisikia ikitoka dirishani wakati wa magharibi, nami sikulitia neno hilo katika sherehe kwa sababu halikunijia hata mara moja kwamba lina ugumu wowote. Nikarudi katika tenzi kwa hofu, nikaona nimeyaacha vile vile ndia, iliyo njia, na mato, yaliyo macho, na mengine mengi ya aina hiyo. Nilikuwa nimeyaeleza maneno yaliyokuwa magumu kwangu, nikayanyamazia yaliyokuwa magumu kwa msomaji. Na kwa kuwa nilipanga kwa A mpaka Z, hapakuwa na pengo lililoonekana. Mlango uliorukwa haukubisha hodi.

Niliomba ruhusa nikapanda gari mpaka Mokowe, nikavuka kwa mashua, nikaenda kwa mzee na karatasi zangu mkobani. Alikuwa amepofuka jicho moja na la pili li dhaifu. Aliagiza kahawa, akauliza habari za watu wa kwetu mmoja mmoja, akataka kujua ni kiasi gani cha kitabu kimekwisha kupigwa chapa, na nilipomweleza kosa langu hakulaumu, ila akauliza nilizipata wapi zile maana 300. Nikamtajia kamusi. Akauliza kwa nini sikumwuliza yeye. Sikuwa na jibu la kumpa, nikanyamaza, naye akakiona kimya changu akakihurumia, akasema maneno ambayo yalinirudisha mara moja juu ya mkeka wa mjomba: "Maneno haya nimeyaweka mimi, na anayedaiwa maana yake na msomaji ni mimi. Basi nisemeshe, wewe uandike."

Tulikaa siku saba barazani kwake. Mjukuu wake wa kike, wa miaka tisa au kumi, aliusoma kila ubeti kwa sauti, mzee akainua kidole mahali palipotaka kufunguliwa, nami nikaandika. Aliinua kidole mahali ambapo nisingalipadhania. Kwa neno moja alieleza jina la samaki, akataja chambo chake na miongo ya mwaka wa Nairuzi ambayo hupatikana, kwa kuwa bila ya majira hayo, alisema, msomaji hatajua kwa nini mvuvi wa katika utendi anasikitika. Kwa neno jingine, ambalo kamusi zangu zilikuwa zimelieleza kwa mistari sita, alisema ni pambo tu, alilitia kwa ajili ya kina, na niandike hivyo hivyo. Lilipofika lile la ndoo alinyamaza, akamwambia mjukuu alisome tena, naye akalisoma, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipita uchochoroni akageuka akidhani ameitwa. Mzee akanena, "Andika kwamba huyo amegeuka." Sikuliandika, na mpaka leo ninajuta.

Sherehe mpya ilifuata beti, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, kama bibi alivyofuata milango, na ubeti usiokuwa na neno la kufafanuliwa tuliuandikia namba yake ukasimama mtupu, ili ijulikane kwamba ulitembelewa. Baada yake tukaweka faharasa ya A mpaka Z kwa mtafutaji wa namna nyingine, mwenye neno mkononi na asiyejua lilikotoka. Humo ndoo ya Lamu ikaketi ubavuni mwa njoo ya Unguja, kila moja ikimwelekeza msomaji kwa mwenziwe. Msimamizi wangu alilalamika juu ya karatasi, akawa anazihesabu kurasa kwa kidole, mwishowe akaridhia. Mzee alikuwa na ombi moja zaidi, nalo lilikuwa kwamba ziachwe kurasa mbili nyeupe baada ya faharasa, kwa maneno ambayo yeye na mimi hatukuyaona. Msimamizi alitoa ukurasa mmoja.

Wakati Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotolewa mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, nilinunua nakala siku ile ile niliyoiona dukani, nikaenda moja kwa moja kwenye N. Nilitaka kuona nani anaketi karibu na nani. Ni kitabu ninachokiheshimu, na nimekichakaza kwa kukitumia. Lakini karibu nacho rafuni nimeweka nakala moja ya tenzi za yule mzee, niliyoikuta miaka mingi baadaye katika rundo la vitabu vilivyokuwa vikiuzwa kando ya njia Mombasa, jalada limeng'oka na mchwa wamekula pembe. Aliyekuwa nayo simjui. Katika ule ukurasa mweupe wa mwisho ameandika kwa wino, kwa khati za Kiarabu zenye mkono wa mtu mzima, maneno saba na maana zake, na mbele ya kila neno ametia namba ya ubeti. Nimeyafuata yote saba. Manne nilikuwa nimeyapita bila kuyaona; na moja lilikuwa katika ubeti ambao mimi na mzee tuliuandikia namba tu, tukauacha mtupu.